Upande wa Kulia wa Mwindaji

Kambini, 6 Julai 1996

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo. Kabla hujaketi kusoma, mpelekee Mama shikamoo yake kwanza, maana najua atakuuliza kama nimemtaja mwanzoni au mwishoni. Mwambie nimemtaja kabla ya kila mtu. Wifi naye msalimu, na umwambie ile suruali aliyonishonea ndiyo inayoniokoa huku, miiba yote inagota juu juu. Mwanangu ameniandikia toka bweni kwamba likizo atashukia kwako. Akifika, msimwache alale na nywele mbichi.

Sisi wazima. Naandika nikiwa nimekalia sanduku la risasi, ambalo ndilo kiti changu. Kiti cha kukunja kipo kimoja tu, na hicho ni cha mgeni.

Kaka, sijui kama nilikueleza vizuri nilivyofika huku, kwa sababu niliondoka mbio mbio. Unajua kwamba kwa miaka kumi na minne, kila Julai nampakia mume wangu begi, na kila Desemba napokea begi lenye vumbi na mwanamume aliyekonda. Porini kwake sikupajua. Alikuwa akirudi ananisimulia kidogo, kama mtu anayekusomea barua ya mtu mwingine huku anaruka mistari. Mwaka huu nilikuwa nakunja mashati yake juu ya kitanda, akasimama mlangoni, akasema, "Kunja na yako."

Nikamuuliza, "Yangu ya nini?"

"Twende wote."

Mkuu wa kiwanda cha uchapaji, nilipomwomba likizo ya miezi mitano, alidhani nauguliwa. Nikamwambia sivyo, naenda kuwinda na mume wangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia upya. Miaka kumi na sita amenizoea mezani nasoma prufu, nawinda herufi zilizokosewa.

Sasa nakuambia kazi ya shemeji yako, maana hata wewe nadhani huijui. Yeye ni mwindaji bingwa, yaani mgeni mwenye kibali cha kuwinda haruhusiwi kuinua bunduki bila yeye kuwa kando. Yeye ndiye anasema mnyama gani, dume lipi, lini. Akisema hapana, ni hapana, hata mgeni awe nani. Askari wa wanyamapori anatembea nasi na daftari lake, na mbele kabisa yupo mfuatilia nyayo, mzee mmoja mwembamba anayeitwa Pua, kwa kuwa hunusa nyati kabla ya kumwona. Nyama huenda kwa watu wa vijiji vya jirani. Nilimwona mume wangu jana anamkatalia mgeni kongoni jike, kwa sauti ya chini kabisa, na mgeni akashusha bunduki kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nilisikia raha, Kaka. Nilisema moyoni, huyu ni wangu.

Mdogo wako,
Kitinda


Mjini, 29 Julai 1996

Kitinda,

Marahaba. Barua yako imefika na gari la vifaa, ikiwa na alama ya tairi juu ya bahasha, lakini inasomeka. Mama amefurahi kutajwa kwanza. Ameniambia nimsomee mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananirekebisha. Goti lake linamsumbua asubuhi, mchana linasahau. Mpwa wangu amefika, amekua, anaongea kwa sauti kama yako. Nywele tumezisimamia.

Dukani kwangu hakuna jipya. Jana alikuja mwalimu mmoja kupima macho, nikamwonyesha herufi ukutani, akaanza kunisahihishia mwandiko. Wateja wa namna hiyo nawapenda.

Nimefurahi mmekwenda pamoja. Niliposoma "kunja na yako" niliweka barua chini, nikasugua lenzi moja ambayo tayari ilikuwa safi. Ni neno zuri kuambiwa na mume.

Nina swali dogo, ni la udadisi tu. Mkitembea porini, anakuweka upande gani?

Mwambie shemeji kwamba fundi anamsalimu, na fundi anamkumbusha. Ataelewa.

Kaka yako


Kambini, 21 Agosti 1996

Kaka,

Shikamoo. Mama nimemtaja. Goti lisugueni kwa mafuta ya moto, na asikae kwenye kile kibao cha jikoni. Mwanangu amerudi shule salama? Hujaniambia.

Nina habari za kujisifu, vumilia. Kwanza, siku hizi natembea kilomita ishirini na sikohoi. Pili, mume wangu amenifundisha kulenga. Tulitundika bati kwenye kisiki, akanipa bunduki ndogo, akaniambia nisivute kifyatulio, nikikamue taratibu kama ninayekamua ndimu bila kutaka mbegu zitoke. Risasi ya tano ilitoboa bati katikati. Askari wa wanyamapori akaenda kuchungulia tundu, akarudi, akampa mume wangu mkono. Mkono akapewa yeye, risasi nilipiga mimi. Lakini mume wangu akamwambia, "Mpe mwenyewe." Akanipa.

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Tulikuwa tunafuata pofu dume, yule swala mkubwa kama ng'ombe, tangu alfajiri. Saa nne tukafika kwenye ardhi ngumu, kundi limepita, nyayo zimechanganyika, Pua anazunguka. Mimi sijui kunusa kitu, lakini nimekaa miaka kumi na sita natazama kurasa nzima na kuona herufi moja iliyosimama vibaya. Nikainama, nikatazama zile nyayo kama ukurasa. Moja ilikuwa inaburuza ncha, kama ile tuliyoifuata tangu alfajiri. Nikasema, "Huyu hapa, ametoka nje ya mstari, ameelekea kushoto." Pua akaja, akapiga goti, akaipima kwa vidole. Akasema, "Mama, wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?" Mume wangu siku nzima alikuwa anatembea na tabasamu ambalo alidhani silioni. Na jioni nilimsikia anamsimulia mpishi, akaongeza chumvi, akasema niliiona ile nyayo nikiwa ndani ya gari.

Upande wa kulia. Ananiweka kulia kwake daima. Kwa nini unauliza?

Salamu zako nimempa. Akasema "ahaa", akaenda kukagua matairi.

Nami nina swali la udadisi. Yupo mtu hapa kambini, mpishi wetu. Akitazama mbele anaona vizuri tu, anasoma hata maandishi ya kwenye makopo. Lakini anagonga bega la kulia kwenye nguzo ya hema. Akimimina chai, ukiweka kikombe upande huo, anamimina mezani. Bunduki, yaani sufuria, siku hizi anaishika kwa kushoto. Ana kichupa cha dawa ya matone, anasema ni ya vumbi. Je, miwani ya namna gani itamfaa?

Kitinda


Mjini, 20 Septemba 1996

Kitinda,

Marahaba. Unisamehe kuchelewa. Niliandika barua mbili kabla ya hii na zote nimezichana. Wifi yako akaniuliza kama namwandikia mwanamke mwingine. Mpwa wangu alirudi shule salama, na aliondoka na mwavuli wangu.

Kuhusu mpishi wenu. Miwani haitamsaidia. Kuna ugonjwa wa presha ya macho, unakula pembeni kwanza na kuacha katikati, ndiyo maana mwenyewe huchelewa kujua. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa miaka mingi kwa matone hayo, asubuhi na jioni bila kukosa, na kwa kuonana na daktari wa macho. Mwambie asidharau hata tone moja. Na mwambie asibebe sufuria ya moto peke yake. Awepo mtu upande ule asiouona.

Najua ni mpishi mzuri. Nisingependa aache kupika. Ningependa tu wale anaowapikia wajue.

Nakuamini, mdogo wangu. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unaona vitu kabla yetu.

Kaka


Kambini, 14 Oktoba 1996

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo? Leo nitasalimu kwa ufupi, kwa sababu nina jambo refu, na nina hasira nawe, na nina furaha. Sijui nianze na lipi. Nitaanza na nyati.

Jumatano tulikuwa na mgeni ambaye ni mhandisi wa madaraja, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Tulifika karibu na nyati dume mzee, peke yake, kama hatua sitini. Mume wangu akamweka mhandisi, akamwambia asubiri mnyama ageuke. Mhandisi hakusubiri. Risasi ikaingia nyuma mno, na nyati akaondoka nayo, akaingia kwenye kichaka kizito kando ya korongo.

Sheria ya kazi yao ni moja. Mnyama akijeruhiwa, mwindaji bingwa ndiye anamfuata. Hamwachi aumie, na hamwachii mtu mwingine hatari hiyo. Na kwenye korongo lile asubuhi tulikuwa tumepishana na warina asali watatu. Walikuwa bado humo.

Tukasubiri nusu saa, mnyama apoe. Mhandisi amekaa chini, ameshika kichwa. Mume wangu akatoa risasi, akazifuta moja moja, akazirudisha. Kisha akatuita wote, akasimama mbele yetu kama mtu anayeanza hotuba.

Akasema, "Kuna neno nimelificha miaka miwili, na humo ndani si mahali pa kwenda nalo. Jicho langu la kulia limekufa. La kushoto ni zima, na mkono wangu ni mzima. Ila kitu kikija kutoka kulia, mimi sikioni. Anayetaka kubaki hapa abaki, sitamlaumu."

Pua akatazama chini. Nadhani alikuwa anajua siku nyingi. Askari wa wanyamapori akasema, "Basi tumwite bingwa wa kambi ya pili."

"Ni saa nne za gari. Warina asali watatoka saa ngapi?"

Askari akafungua usalama wa bunduki yake, akasema, "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Mume wangu akageuka kwangu. Hakuniomba, Kaka. Nataka ulijue hilo. Alifungua mdomo kuniambia nibaki na mhandisi garini. Mimi nikamwahi.

"Kulia ni kwangu."

"Huna bunduki. Jina lako halimo kwenye kibali."

"Nina macho mawili. Hayo hayahitaji kibali."

Alinitazama kwa muda. Nimeolewa naye miaka kumi na minne, amenitazama kwa namna nyingi, lakini sijawahi kutazamwa vile. Akasema, "Shika mkanda wangu. Ukiona, usipige kelele. Sema tu wapi."

Tukaingia. Pua mbele anafuata damu, mume wangu, mimi kulia kwake nimeshika mkanda, askari nyuma. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Hatua moja, tunasimama. Hatua moja, tunasimama. Damu ilikuwa inakwenda mbele, na Pua ananyoosha kidole mbele, na kila mtu anatazama mbele.

Nikaona kulia. Sikuona nyati, niliona kosa. Kivuli chote kimetulia na kipande kimoja kimetikisika, wakati hapakuwa na upepo. Lilikuwa sikio. Alikuwa amezunguka, amerudi kutusubiri kando ya njia yake mwenyewe.

Nikavuta mkanda. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata mimi nilijishangaa, "Kulia. Usawa wa bega lako. Nyuma ya mti ulioanguka."

Aligeuka mwili mzima, bunduki kwenye bega la kushoto. Na nyati akatoka. Kaka, hakuna kitu cheusi kama hicho. Risasi ya kwanza ilimpiga kifuani, akaendelea kuja. Nilibaki nimeshika mkanda. Kwa risasi ya pili akaanguka, pua yake ikalala umbali kama wa kiti cha mteja wako hadi ukutani penye herufi. Askari alikuwa bado hajageuza mtutu.

Pua ndiye aliyesema kwanza. "Mama, sasa unaweza kuachia mkanda." Sikuweza. Ilibidi mume wangu aninyooshe vidole kimoja kimoja.

Warina asali walitoka baada ya muda mfupi na madebe yao, wakaona tulivyokaa, wakatusalimu kwa adabu nyingi.

Sasa hasira. Jioni ile aliniambia yote. Kwamba alikuja dukani kwako miaka miwili iliyopita ukampima, ukampeleka kwa daktari, na akakuapisha usiniambie. Miaka miwili, Kaka. Nimekula kwako, umenimiminia chai, umeniuliza habari za nyumbani. Na mimi hapa nakuandikia mambo ya mpishi, na wewe unanijibu mambo ya mpishi. Mpishi amesikia, amekasirika, anasema macho yake hayana kasoro na chai yake haijawahi kumwagika.

Nikamuuliza mume wangu swali lililonikaa kooni. "Uliniambia twende wote kwa sababu mimi ni mke wako, au ulihitaji jicho?"

Akasema, "Jicho ningeliajiri. Wapo vijana kumi wanaoona mbali kuliko wewe. Daktari aliniambia huenda na la pili likafuata. Nimekupenda miaka yote hii mjini, kwenye vyumba viwili na barabara moja. Nilitaka nikuone huku, wakati bado naona."

Sina zaidi ya hapo. Nimejifuta machozi na kitambaa cha kufutia bunduki, uso wote una mafuta.

Niandikie. Na safari hii usichane.

Kitinda


Mjini, 2 Novemba 1996

Kitinda,

Marahaba, na ninastahili hasira yako yote. Sijachana.

Alikuja siku ya mvua. Alikaa kwenye kiti cha mteja na kofia mapajani. Nilipomfunika jicho la kushoto na kumwambia asome, alisoma mstari wa juu kwa kukumbuka, maana ameuona ukutani kwangu kila sikukuu. Nikageuza ubao. Akashindwa hata herufi ya kwanza. Hakulia, aliuliza tu, "Nina misimu mingapi?" Kisha akasema, "Dada yako asijue. Ataniambia niache, na nitaacha, na sitakuwa mtu tena." Wateja wangu wote huniamini kwa macho yao. Nilijiambia kuwa ni siri ya kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wako. Nilimwekea sharti moja, nikawa namkumbusha kila msimu: asiende tena porini bila mtu wa kumwonea upande wa kulia. Nilidhani ataajiri mtu. Sikujua atakuambia ukunje mashati.

Nilikosa, na ninakuomba radhi. Ulikuwa na haki ya kujua kabla yangu.

Barua yako nilimsomea Mama nzima. Nilipofika kwenye nyati nilitaka kuruka kidogo kwa sababu ya moyo wake. Akasema, "Usiniruke, nimezaa mimi huyo." Nilipomaliza akaniuliza, "Alishika mkanda mpaka mwisho?" Nikasema mpaka mwisho. Akanyanyuka kwenye kibao chake bila kushika goti, akaenda ukumbini kwa jirani. Nilimsikia kupitia ukuta anaanza hadithi, na nyati alikuwa amekuwa wawili.

Mimi mwenyewe nimesimulia wateja sita hadi sasa. Wa sita hakuja kupima macho, alikuja kuuliza saa.

Shemeji akirudi, njoo naye dukani. Ninataka kumpima mbele yako.

Kaka


Kambini, 3 Agosti 1999

Kaka yangu Fundi,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na umwambie hapana, hakukuwa na simba, asiwaambie majirani kuna simba. Wifi hongera kwa cherehani mpya. Mwanangu nasikia amechagua masomo ya sayansi na anakaa dukani kwako anageuzageuza lenzi. Mwache ageuze.

Macho ya mwenzangu yamesimama palepale. Daktari ameandika neno moja tu kwenye kadi, "Imetulia." Matone asubuhi na jioni, namhesabia kama mtoto, naye ananung'unika kama mtoto. Tangu alipokwenda mwenyewe, baada ya msimu ule wa nyati, ofisini kwa meneja wa kampuni ya uwindaji, akaeleza yote na kuweka cheti chake mezani, hajaongoza mgeni tena. Meneja alimbakiza afundishe kambini. Nilidhani siku ile angerudi nyumbani amepinda mgongo. Alirudi na kitabu cha sheria za uwindaji, akaniwekea mapajani. "Una miaka miwili ya kusoma," akasema, "na mimi sina kazi nyingine."

Mengine unayajua. Kiwandani niliaga. Nimebeba bunduki nyuma ya mabingwa wengine misimu miwili, nimechubuka bega, nimeanguka mtihani wa kwanza kwa kukosea umri wa tandala kwa pembe zake. Mara ya pili sikukosea. Mtihani wa kulenga niliupiga mvua ikinyesha, na mume wangu alisimama nje ya uzio bila mwavuli, kwa sababu alisema mwavuli ungemzuia kuona kwa lile jicho moja.

Jana nimepokea mgeni wangu wa kwanza. Ni daktari wa mifupa, ametoka mbali, ana mizigo mingi. Alishuka garini, akatuona watatu tumesimama, Pua, mume wangu na mimi. Akampita Pua, akanipita mimi, akamwendea mume wangu moja kwa moja, mkono mbele, akasema, "Bila shaka wewe ndiye bingwa wangu. Nimesikia sifa zako."

Mume wangu alivua kofia, akamgeuza taratibu kwa bega mpaka akanielekea.

"Bingwa wako ni huyu," akasema. "Mimi nimemsindikiza mke wangu."

Mdogo wako,
Kitinda